Uzi: Margaret Millar, Mkanada aliyemtangulia mumewe kwenye riwaya za upelelezi, na maboksi ya karatasi yaliyoko Irvine

#1 Karani wa Zamani

Wakuu salaam.

Mtaje Ross Macdonald mbele ya mpenzi wa riwaya za upelelezi, papo hapo atakupa mpelelezi wake Lew Archer, California, na familia za kitajiri zenye siri ya miaka ishirini chini ya sakafu. Mtaje Margaret Millar, ataguna kidogo halafu atauliza: si mke wake huyo?

Ndiye. Uzi huu ni wa mke.

Karatasi za wanandoa hawa zipo Chuo Kikuu cha California, Irvine, kitengo cha makusanyo maalumu cha maktaba, chini ya majina yote mawili, Kenneth na Margaret Millar (Kenneth ndiye huyo Ross Macdonald, jina la vitabuni). Kinachonikera ni namna zinavyozungumzwa. Mume anatafutwa kama mwandishi, mke anaitwa kama shahidi. Ukifuata miaka yenyewe utaona mambo yalianza kinyume: mke ndiye aliyetangulia kuchapisha riwaya, ndiye aliyetangulia kuleta hela ya vitabu nyumbani, na ndiye aliyepata Edgar, tuzo ya Marekani ya vitabu vya upelelezi, ya riwaya bora, ambayo mume alikufa hajaipata.

Nitaandika kwa vipande, natumia simu. Mwenye nyongeza asisite.

#2 Njiwa wa Pangani

Nimetandika mkeka. Shusha mkuu.

#3 Karani wa Zamani

Alizaliwa Margaret Ellis Sturm tarehe 5 Februari 1915 mjini Berlin. Si ya Ujerumani, ni Berlin ya Ontario, mji wa Kanada uliojaa watu wenye asili ya Kijerumani. Alipokuwa na mwaka mmoja na nusu mji ukabadilishwa jina, kwa sababu Kanada ilikuwa vitani na Ujerumani na jina hilo lilikuwa limegeuka kuwa nuksi. Septemba 1916 ukaitwa Kitchener, jina la yule jemadari wa Kiingereza aliyezama na meli miezi michache kabla.

Huko sekondari alisoma shule moja na kijana anaitwa Kenneth Millar. Huyu alizaliwa California mwaka huohuo wa 1915, akaletwa Kanada akiwa mdogo, baba akaondoka, kijana akalelewa kwa kuhamishwahamishwa katika nyumba za ndugu. Jarida la shule la mwaka 1931 lilichapa hadithi za wote wawili. Hakuna mapenzi yoyote bado, kila mtu alikuwa na hamsini zake.

Margaret alikuwa kichwa. Alipiga piano, akasoma Kigiriki na Kilatini, mwaka 1933 akaingia Chuo Kikuu cha Toronto. Mwaka 1936 akaacha bila shahada. Baadaye Kenneth akamkuta kwenye maktaba mjini London (ya Ontario tena, hawa watu walipenda majina ya kuazima) anamsoma Thucydides, mwanahistoria wa Ugiriki ya kale, kwa Kigiriki. Walioana tarehe 2 Juni 1938, siku moja baada ya bwana kupata shahada yake. Mwaka uliofuata wakapata mtoto wao pekee, Linda.

Kenneth akawa mwalimu katika shule ileile waliyosoma. Mshahara wa mwalimu mnaujua.

#4 Mkazi wa Kitchener

Ndugu zangu, mimi naishi hapahapa Kitchener, na tuko wengi tunaoongea Kiswahili, hasa ndugu zetu kutoka Kongo. Niongeze kuhusu ile habari ya jina la mji. Katika bustani ya Victoria Park kulikuwa na sanamu ya kichwa cha Kaisari Wilhelm wa Kwanza. Vita vilipoanza Agosti 1914 vijana wakaing'oa wakaitupa kwenye ziwa la bustanini. Ndiyo hali ya mji aliozaliwa huyu mama miezi sita baadaye.

Hadi leo Ujerumani umebaki hapa. Oktoberfest inafanyika kila mwaka, na ukitoka kidogo kuelekea St. Jacobs unapishana na Wamenoni wa kale na magari yao ya farasi barabarani. Mtu aliyekulia mahali ambapo jirani anaweza kugeuka adui kwa jina tu, simshangai akiandika riwaya ambazo hatari inatoka sebuleni.

#5 Mzee Kificho

Karani, mimi nimesoma Lew Archer zote 18. Unataka kuniambia mwanamke huyu anaweza kukaa meza moja na mwandishi wa *The Chill*? Tuwe wakweli. Kuanza mapema si sifa. Hata mimi nilianza kuendesha baiskeli kabla ya mdogo wangu.

#6 Karani wa Zamani

Mzee Kificho shikamoo. Baiskeli weka pembeni, nipe nafasi.

Akiwa mama mchanga Margaret aliugua moyo, akaamriwa kulala kitandani. Mume alikuwa anamletea riwaya za upelelezi kutoka maktaba, rundo baada ya rundo. Baada ya kuzimaliza akaona anaweza kuandika yake. Akaandika. *The Invisible Worm* ilitoka 1941, mpelelezi wake akiwa daktari wa magonjwa ya akili anaitwa Paul Prye. Mwaka uliofuata zikatoka mbili. Kenneth ndiye alikuwa msomaji wa kwanza na mhariri wa nyumbani, hilo simnyimi.

Sasa sikiliza hapa. Fedha za vitabu hivyo ndizo zilizomwezesha Kenneth kuacha ualimu na kwenda kusomea shahada za juu Chuo Kikuu cha Michigan. Huko Ann Arbor ndipo na yeye alipoandika riwaya yake ya kwanza, *The Dark Tunnel*, ikatoka 1944. Kabla mwaka huo haujaanza mkewe alikuwa na vinne sokoni.

Na jina? Kwa nini mtu aliyebatizwa Kenneth Millar auze vitabu kama Ross Macdonald? Kwa sababu jina Millar madukani lilikuwa la mkewe. Alipoleta Archer mwaka 1949 akajiita John Macdonald. Kulikuwa na mwandishi mwingine, John D. MacDonald, hakufurahi. Akawa John Ross Macdonald. Bado vurugu. Katikati ya miaka ya 1950 ndipo akatulia kwenye Ross Macdonald. Mwanamume alitangatanga majina matatu kwa kumpisha mkewe, halafu leo tunamjua mke kwa jina la mume.

#7 Binti Sadiki

Hahaha, hapo umemaliza.

Ila swali langu: vitabu vyake vya Kanada ni vipi? Maana nimesoma viwili na vyote ni California. Nilidhani ni Mmarekani.

#8 Karani wa Zamani

Binti, watu wengi wanamhesabu Mmarekani kwa sababu ya Santa Barbara. Mwaka 1944 Kenneth aliingia jeshi la majini, Margaret akaenda San Diego kumuona. Akiwa kwenye treni ya kurudi akauona mji wa Santa Barbara dirishani, ukampendeza, akanunua nyumba hapo. Aliamua yeye, mume akiwa kazini. Ukiacha vipindi vifupi, huko ndiko walikoishi mpaka wote wakafa.

Lakini Kanada haikumtoka. *The Weak-Eyed Bat* iko Muskoka, kwenye maziwa wanakokwenda watu wa Toronto wakati wa kiangazi. *Wall of Eyes* ya 1943 na *The Iron Gates* ya 1945 ziko Toronto, na mpelelezi wake ni Inspekta Sands, polisi mpweke asiye na mbwembwe yoyote. *Fire Will Freeze* ni kundi la wateleza thelujini waliokwama kwenye nyumba ya ajabu huko Quebec. Halafu mwaka 1957, akiwa ameshazoea jua la California, akarudi tena Ontario kwa *An Air That Kills*: mwanamume anaondoka Toronto kwenda kwenye nyumba yake ya uvuvi huko Georgian Bay ambako rafiki zake wanamsubiri, hafiki. Kwangu hicho ndicho kitabu chake bora cha Kanada. Ukikisoma utawajua wanaume wa tabaka la kati wa Toronto walivyokuwa wakidanganyana kwa adabu.

*The Iron Gates* ndicho kilichowatoa kwenye shida. Warner Brothers walinunua haki ya filamu na wakamwajiri yeye mwenyewe Hollywood kufanya kazi ya muswada. Filamu haikutengenezwa, ila hundi ilipokelewa.

#9 Mwalimu Chande

Naomba kuingia. Nimefundisha fasihi muda mrefu, nataka kumjibu Mzee Kificho kwa upande wa ufundi, maana mabishano ya nani alianza hayatufikishi mbali.

Macdonald ana sauti moja. Archer anaingia kwenye nyumba, anauliza, anaondoka, na sisi tunaona kwa macho yake. Ni sauti nzuri mno, sikatai. Millar hana Archer. Ana Prye, akamwacha. Ana Sands, akamwacha. Uzeeni ana wakili kijana Tom Aragon, Mmarekani mwenye asili ya Meksiko, kwa vitabu vitatu tu. Katikati hapo, ndipo penye vitabu vyake vikubwa, hana mpelelezi wa kudumu hata mmoja. Kila kitabu anakiingia kutokea kwenye kichwa cha mtu ambaye hali yake si shwari, na msomaji hajui kama anachoambiwa ni kweli au ni ugonjwa.

Chukua *Beast in View*, 1955. Bibi Helen Clarvoe, tajiri, mpweke, anaishi hotelini. Simu inalia. Mwanamke anayejitaja kama Evelyn Merrick anamtishia. Helen anamwomba Blackshear, aliyekuwa akiishughulikia mitaji ya baba yake, amtafute huyo mwanamke. Basi. Kitabu chenyewe si kinene, na ukikifunga unataka kurudi ukurasa wa kwanza kuona ulidanganywa wapi. Hukudanganywa. Kila kitu kilikuwa mezani.

Hicho ndicho kilichopata Edgar mwaka 1956, na kati ya vilivyoshindanishwa nacho kulikuwa na *The Talented Mr. Ripley* cha Patricia Highsmith. Mwaka uliofuata akawa rais wa Mystery Writers of America, chama cha waandishi wa upelelezi kinachotoa Edgar. Mumewe alikaa kiti hicho 1965.

#10 Chizi wa Riwaya

Mwalimu, kwenye Beast in View si yule Evelyn ndo

#11 Mwalimu Chande

Kijana, futa. Futa kabla hujaendelea.

#12 Njiwa wa Pangani

Kuna watu hawana huruma jamani. Moderata yuko wapi?

#13 Chizi wa Riwaya

Sijamaliza sentensi hata. Nyamazeni, sisemi tena.

#14 Mzee Kificho

Mwalimu Chande nimekuelewa. Nitamsoma. Lakini na mimi nisikilizwe: Macdonald alipata tuzo ya upelelezi ya Uingereza, Dagger ya fedha, kwa *The Chill* na ya dhahabu kwa *The Far Side of the Dollar*. Msimfanye kuwa mpiga debe wa mkewe.

Na hayo maboksi je? Kichwa cha uzi kinasema maboksi, mpaka sasa naona harusi na treni.

#15 Karani wa Zamani

Nilikuwa nakuja huko.

Kwa asiyewahi kushughulika na makusanyo ya aina hii: mwandishi akifa, au hata akiwa hai, karatasi zake hukabidhiwa maktaba. Huwa ni vurugu tupu. Mtunza nyaraka anazipanga, anazitia kwenye folda zisizo na asidi, folda zinaingia kwenye maboksi, halafu anaandika mwongozo: boksi fulani, folda fulani, ndani kuna kitu fulani. Mwongozo huo ndio unaosomwa kwanza, na miongozo ya Irvine unaipata bure mtandaoni kwenye hazina ya pamoja ya California, Online Archive of California. Karatasi zenyewe unazisoma palepale, chumba cha kusomea, kwa penseli, begi limebaki nje, boksi moja moja.

Kwa akina Millar yapo madaftari, miswada na barua. Kenneth alikuwa mtu wa madaftari ya waya, anaandika kwa mkono, anapanga njama ya kitabu kurasa kwa kurasa kabla ya kuanza. Ndiyo maana watafiti wanampenda: ameacha njia, unamfuata hatua kwa hatua mpaka kitabu kinapozaliwa. Na alikuwa mwandishi hodari wa barua. Zile alizoandikiana na mwandishi mwenzake Eudora Welty kwa miaka zilikusanywa zikatolewa kitabu mwaka 2015.

Hapa ndipo hoja yangu ilipo. Mkusanyiko humpendelea anayeacha karatasi nyingi za kueleza anachofanya. Anayefanya kazi kimyakimya na kubakiza kitabu chenyewe, mkusanyiko humwonyesha kwa uchache. Kisha mwandishi wa wasifu anakuja, anapima kwa uzito wa boksi. Mume ana wasifu mnene uliotoka 1999, na ni kazi nzuri sana, nimejifunza mengi humo, pamoja na mengi ya Margaret. Lakini humo Margaret ni mhusika wa pili. Anaonekana mkali, mwenye hasira, anayetaka utulivu wa kuandika. Mwanamume akitaka utulivu wa kuandika tunaita nidhamu.

#16 Binti Sadiki

Sentensi ya mwisho naichukua nikaibandike ukutani.

#17 Mhifadhi

Nafanya kazi kwenye nyaraka, si huko Marekani, ila kazi ni ileile popote. Karani umesema sawa isipokuwa naomba tusiwalaumu watunza nyaraka. Sisi hatuchagui nani aandike barua nyingi. Kanuni ya kwanza ya kazi ni kutovuruga mpangilio aliouacha mwenye mali. Kama watu wawili walikaa nyumba moja miaka zaidi ya arobaini, mmoja akimhariri mwenzake, karatasi zao zitakuwa zimechanganyika, na kuzitenganisha kwa nguvu ni kuharibu ushahidi. Muswada wa mke wenye kalamu ya mume ukingoni uweke wapi? Ukiuweka kwa mke umeficha kazi ya mume, ukiuweka kwa mume umefanya wizi. Bora ukae pamoja, majina mawili juu.

Kosa huwa kwa anayekuja na jina moja kichwani na kufungua folda za jina hilo tu.

#18 Mama Zuwena

Mimi nina swali la kibinadamu. Nimesikia hawa watu walikuwa na msiba wa mtoto. Hivi ni haki watu wasome barua za nyumbani kwa watu waliokufa? Mimi nikifa mwanangu achome kila kitu.

#19 Karani wa Zamani

Mama Zuwena shikamoo. Swali zito, nalijibu kwa uangalifu.

Linda alipata ajali akiendesha gari mwaka 1956, Santa Barbara, akiwa na miaka 16. Mtoto mmoja akafa. Linda hakusimama. Kesi ikawa ya magazeti, akawekwa chini ya uangalizi na kupelekwa kwenye matibabu ya akili. Mwaka 1959 akiwa chuoni Davis akatoweka zaidi ya wiki, baba akawa anamwomba hadharani arudi, akapatikana. Aliolewa, akapata mtoto wa kiume. Mwaka 1970 akafa usingizini, miaka 31. Mjukuu huyo, ambaye ndiye pekee, naye alifariki 1989.

Kwa hiyo Margaret alipokufa tarehe 26 Machi 1994 hapakuwa na mtoto wala mjukuu wa kuamua nini kichomwe na nini kibaki. Ukifungua ukurasa wa haki miliki katika matoleo ya siku hizi ya vitabu vyake, mwenye haki ni mfuko wa hisani wenye jina lake.

Nadhani kusoma ni sawa. Ambalo si sawa ni kufanya msiba kuwa ufunguo wa kila kitabu. Watu wanasema: aliandika watoto waliopotea na mama wenye hatia kwa sababu ya Linda. Ebu tazama miaka. *Beast in View* ni 1955, ajali ni 1956. *The Iron Gates*, yenye mwanamke anayevunjika akili, ni 1945, Linda yuko darasa la kwanza. Macho yake yalikuwa yameshaona hivyo kabla. Alichofanya msiba ni kumnyamazisha: *Beyond This Point Are Monsters* ilitoka 1970, halafu kimya mpaka 1976. Kwa mtu ambaye kwa sehemu kubwa alikuwa akitoa kitabu kila mwaka au miwili, kimya hicho kinajieleza. Hakihitaji folda.

#20 Mama Zuwena

Marahaba mwanangu. Mungu awarehemu. Yule mtoto mwingine wa ajali naye tumkumbuke, maana naye alikuwa na mama.

#21 Mkazi wa Kitchener

Amina mama.

#22 Kaka wa Likoni

Nyie watu wa bara mwajua kuandika nyuzi ndefu lakini hamjasema kuhusu ndege! Huyu mama alikuwa mpenzi wa ndege wa kufa mtu. Ana kitabu *The Birds and the Beasts Were There*, 1968, si cha mauaji hata kidogo, ni maisha yake ya kuangalia ndege uwanjani kwake. Kuna sehemu ya moto mkubwa wa Coyote wa mwaka 1964 uliochoma milima juu ya Santa Barbara, anaeleza wanyama na ndege walivyohangaika. Mimi ndicho kitabu chake nilichokipenda zaidi, na upelelezi wala sisomi sana.

Yeye na mumewe walikuwa kati ya walioanzisha tawi la Audubon, chama cha kulinda ndege, pale Santa Barbara. Mafuta yalipomwagika baharini mwaka 1969 walikuwa kwenye mapambano.

#23 Mwalimu Chande

Ahsante Kaka wa Likoni, hilo lilitakiwa kusemwa. Na linasaidia kumwelewa. Mtu anayekaa kimya saa nzima akisubiri ndege mmoja ashuke ndiye anayeweza kuandika mazungumzo ya watu wawili wanaochukiana bila mmoja kupandisha sauti.

#24 Dogo Mtafiti

Samahanini wakubwa, mimi ni mwanafunzi. Waandishi wetu wa upelelezi wa Kiswahili, akina Mohamed Said Abdulla na Bwana Msa wake, karatasi zao ziko wapi?

#25 Karani wa Zamani

Dogo, swali zuri, ila hilo ni uzi mwingine na unastahili watu wanaoijua Zanzibar vizuri. Ufungue, nitakuja kusoma.

#26 Mzee Kificho

Nimerudi. Nimesoma *A Stranger in My Grave*. Nimekosa usingizi.

Kwa wasiokijua: mwanamke kijana, Daisy, anaota anatembea ufukweni anakuta kaburi lenye jina lake, na tarehe ya kufa iliyoandikwa ni ya miaka minne nyuma. Badala ya kumeza dawa na kusahau, anamkodi mtu amsaidie kujua ile siku alifanya nini. Pinata, huyo anayemkodi, alilelewa na kituo cha yatima, hawajui wazazi wake, hajui hata kabila lake ni lipi. Kila sura inatanguliwa na kipande cha barua, huelewi ni ya nani kwa nani.

Karani, sikubali kwamba ni mkubwa kuliko mumewe. Nakubali kwamba Archer asingeweza kuingia kwenye kitabu hiki, angeharibu. Hapo tuelewane.

#27 Karani wa Zamani

Tumeelewana mzee wangu, na sikusema ni mkubwa kuliko mumewe. Nilisema asisomwe kwa idhini ya mumewe.

Nimalizie maisha yake. Mwaka 1983 ulikuwa mzito: Kenneth alifariki Julai baada ya kuugua Alzheimer, mtu aliyeishi kwa maneno yakamtoka moja moja. Mwaka huohuo Mystery Writers of America wakampa Margaret cheo chao cha juu, Grand Master, miaka tisa baada ya mumewe. Na mwaka huohuo akatoa *Banshee*. Macho yalikuwa yanakwisha, ugonjwa wa katikati ya retina, ule unaokuachia pembeni na kukunyima kile unachokitazama. Bado akatoa cha mwisho, *Spider Webs*, 1986.

Baadaye vitabu vyake viliadimika kabisa madukani. Mwaka 2015 wachapishaji Library of America wakamweka kwenye juzuu zao za wanawake wa riwaya za mashaka za miaka ya 1940 na 1950, kwa *Beast in View*, na aliyehariri ni Mkanada, Sarah Weinman. Muda mfupi baadaye vitabu vyake vikaanza kuchapwa upya kwa mkupuo. Kwa hiyo siku hizi havisumbui, hata vya kielektroniki vipo.

#28 Dogo Mtafiti

Sawa mkuu. Kama nataka kuona kitu kutoka kwenye yale maboksi na sina nauli ya California, inawezekana?

#29 Mhifadhi

Inawezekana kwa kiasi. Soma mwongozo mtandaoni kwanza, andika namba ya boksi na folda unayoitaka, kisha waandikie maktaba kwa heshima ueleze unatafiti nini. Usiandike "naomba kila kitu cha Margaret Millar", utajibiwa kwa kiungo cha mwongozo uleule. Ukitaja folda moja au mbili, maktaba nyingi zina utaratibu wa kutoa nakala, mara nyingi kwa malipo. Kumbuka nakala ya kusoma haikupi ruhusa ya kuchapa: kwa barua ambayo haijachapishwa, haki ni ya warithi wa aliyeiandika, siyo ya maktaba wala ya aliyeipokea. Hapo utahitaji ule mfuko uliotajwa juu.

#30 Dogo Mtafiti

Nimekuelewa. Na kitabu cha kuanzia?

#31 Karani wa Zamani

*An Air That Kills* kama unataka Kanada. *A Stranger in My Grave* kama unataka kukosa usingizi kama Mzee Kificho. *Beast in View* soma mapema, kabla Chizi wa Riwaya hajapata bando.

#32 Chizi wa Riwaya

Nilishasema sisemi tena, jamani.